Insha ya ushawishi juu ya korosho ghafi: rasimu ya pili nianzie wapi?

Mwanachuo wa Shangani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Ninasomea stashahada ya ualimu hapa Mtwara, na katika somo la uandishi tumepewa kazi yenye sehemu mbili: kwanza kuifanyia marekebisho insha ya ushawishi ambayo mkufunzi ameshaisoma, na pili kuandika tafakuri ya kurasa mbili hivi inayoeleza tulichobadilisha na sababu za kukibadilisha. Mada yangu ni kwamba Serikali ipige marufuku kusafirisha korosho ghafi kwenda India na Vietnam, ili korosho zote za Mtwara na Lindi zibanguliwe huku huku. Niliichagua kwa sababu ninaiamini, na kwa sababu nyumbani kwetu tunaishi kwa mikorosho.

Mkufunzi hakunichafulia karatasi. Lugha aliipitisha, mpangilio wa aya hakuugusa. Pembeni mwa aya ya kwanza aliandika, "Unamshawishi nani?" na mwishoni akaandika, "Mpinzani wako yuko wapi?" Maswali hayo mawili yamenikwamisha, kwa kuwa tangu nizaliwe sijakutana na mtu wa huku anayesema kwamba korosho zisibanguliwe hapa. Nikimtafuta mpinzani nitakuwa ninamtunga, na mpinzani wa kutungwa huangushwa kwa urahisi mno kiasi kwamba hata msomaji huona kuwa mchezo ulipangwa. Ninaweka hapa aya ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko nyingine zote:

> "Ni aibu kubwa kwamba zaidi ya miaka sitini baada ya uhuru bado tunawapelekea wageni korosho ghafi na kuwaachia faida yote. Kila mtu anajua kwamba mkulima huuza kilo moja ya korosho ghafi kwa shilingi elfu chache tu, ilhali kilo hiyo hiyo ikishabanguliwa huuzwa madukani kwa bei iliyo mara nyingi zaidi. Tofauti hiyo yote ni fedha tunayoitupa baharini. Tukijenga viwanda, vijana wote wa kusini watapata ajira na umaskini utabaki kuwa historia."

Ninaomba kusaidiwa mambo mawili. Rasimu ya pili nianzie wapi, ikiwa lugha haina tatizo? Na katika tafakuri, je, ni lazima nikubaliane na maoni yote ya mkufunzi, au ninaweza kueleza kwa adabu kwamba kuna jambo sikukubaliana naye?

---

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na ninaona mkufunzi wako amekutendea wema kwa kuacha kusahihisha sentensi, kwa sababu angekusahihishia sentensi ungezinakili zilivyo na kuirudisha insha ileile ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi.

Maswali yake mawili kwa kweli ni swali moja. Unasema hujakutana na mtu anayepinga kubangua korosho hapa, na hilo ni kweli. Lakini mpinzani wa insha ya namna hii si yule anayesema "hapana", bali ni yule anayesema "sawa, lakini". Watu hao wamekuzunguka. Wa kwanza ni mkulima mwenyewe. Korosho zinapoanza kuingia ghalani kuanzia Oktoba, mkulima anataka kitu kimoja, yaani bei ya juu mnadani na malipo ya haraka, kwa maana ana karo, ana deni la pembejeo, na pengine nyumba yake inasubiri bati. Wewe unapomwambia kwamba wanunuzi wa nje wafungiwe mlango, yeye anasikia kwamba idadi ya wanaoshindania mzigo wake itapungua. Hakuchukii wala hakipingi kiwanda, ila anahesabu. Je, aya yako ina neno lolote la kumjibu?

Wa pili ni mtu wa umri wangu. Sisi tumeshaviona hivyo viwanda unavyoviota. Nchi ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho katika miaka ya 1970, vingine vikiwa na mitambo ya Kiitaliano na vingine ya Kijapani, kwa matumaini yaliyotokana na msimu wa 1973/74 ambapo uzalishaji ulifikia takribani tani 145,000. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000. Wakulima walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, mbali na mikorosho yao. Bei ilikuwa haimvutii mtu kupalilia. Na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa unayaunguza maua kabla hayajashika. Mitambo ilikaa haina cha kubangua, na baadhi ya majengo yakaishia kuwa maghala. Basi mzee wa aina hiyo anapofika kwenye maneno yako "tukijenga viwanda", anaiweka karatasi chini na kuuliza: vile vya kwanza vilikufaje, na hivi vyako vitaponaje? Usipomjibu, yote yanayofuata hayasomi tena, hata kama macho yake bado yako kwenye ukurasa.

Kwa hiyo usianze na sentensi. Anza kwa kumchagua mmoja kati ya hao wawili, umwandikie yeye, kisha utaona mwenyewe sentensi zipi hazina kazi. "Kila mtu anajua" itaanguka ya kwanza, kwa sababu kama kila mtu anajua hakuna haja ya insha. "Faida yote", "vijana wote", "tofauti hiyo yote": neno hilo dogo umelitumia mara tatu ndani ya aya moja, na kila mara umemkabidhi mpinzani fimbo ya kukuchapia, kwa kuwa inamtosha kumleta kijana mmoja tu asiye na ajira ili akuvunje.

Kuhusu kutokubaliana na mkufunzi, eleza bila woga, ila umuonyeshe kwamba ulijaribu alichosema kabla ya kukikataa.

---

Karani wa Ghala, Tandahimba

Mimi si mtu wa insha, lakini kazi yangu ni mizani na stakabadhi, na kuna jambo ndani ya aya hiyo ambalo Mwalimu amelipita. Ndugu mwanachuo umeandika "kilo hiyo hiyo ikishabanguliwa". Hakuna kilo hiyo hiyo. Ukichukua kilo moja ya korosho ghafi ukaibangua, ukatoa ganda la nje na ngozi ya ndani, unabakiwa na kama robo kilo, na mara nyingi pungufu ya hapo. Ili upate kilo moja ya korosho safi unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi.

Chukua bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile ambayo Serikali iliitangaza mwaka 2018 iliponunua korosho yenyewe. Kilo nne ni shilingi 13,200 na kilo tano ni shilingi 16,500. Hiyo ni malighafi tu, imefika mlangoni mwa kiwanda, kabla hujamlipa mtu hata mmoja, hujawasha tanuri, hujanunua vifungashio, na kabla hujahesabu punje zitakazovunjika, ambazo huuzwa kwa bei ya chini kuliko nzima. Sasa weka bei yako ya dukani mbele ya hesabu hiyo uone ni kiasi gani kinachobaki cha kutupwa baharini. Kinabaki kitu, sikatai, lakini si kile unachokidai. Mtu anayeifahamu hesabu hii akiikuta insha yako atacheka, na akishacheka humshawishi tena.

Jambo lingine ni mtaji. Mzigo wote hupita ghalani katika miezi michache tu, na tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, uanze kwenye korosho msimu wa 2007/08, anayetaka mzigo huo anaupata mnadani kwa kushindana na wenzake. Mnunuzi wa nje ananunua, anapakia, anaondoka, na fedha yake inarudi mapema. Mwenye kiwanda cha hapa anatakiwa anunue ndani ya miezi hiyo hiyo korosho za kubangua mwaka mzima, azilipie papo hapo, kisha azihifadhi huku riba ya benki ikitembea. Hapo ndipo anaposhindwa, wala si kwamba amekosa uzalendo au kwamba watu wetu hawajui kubangua. Ukiandika juu ya hilo utakuwa umesema kitu ambacho wanafunzi wengi hawakisemi, maana insha za "tujenge viwanda" tumezisoma hadi kwenye kalenda.

---

Dada wa Masasi

Ninawaheshimu walionitangulia, na hesabu ya Karani sina la kuipinga, lakini ninaomba nimtahadharishe mdogo wangu kabla hajaigeuza insha yake kuwa taarifa ya mkaguzi wa fedha. Nimewahi kuwaandaa wanafunzi kwa ajili ya midahalo, na nimeona jambo moja likijirudia: mwanafunzi anaambiwa amheshimu mpinzani, basi anampa mpinzani aya tatu, anajipa mwenyewe moja, na anamaliza kwa kusema kwamba suala hili ni pana na lina pande nyingi. Hiyo si insha ya ushawishi tena. Hasira iliyo katika rasimu ya kwanza ina sababu yake, na mtu asiwafanye wasomaji waamini kwamba kukasirika ni kukosa hoja.

Tatizo la hasira yako, kwa maoni yangu, ni kwamba haina mtu ndani yake. Umeandika "aibu kubwa" na "wageni", lakini mbanguaji hayumo. Likizo zangu nyingi za utotoni nilizipitisha nikibangua pamoja na mama, na ninaweza kukueleza kwamba mafuta yaliyo kwenye ganda la korosho huunguza ngozi mpaka inabadilika rangi na kubanduka, kwamba mtu hujipaka majivu au mafuta viganjani kabla ya kushika jiwe, na kwamba anayepiga kwa nguvu iliyozidi kidogo huivunja punje na kuishusha bei. Ukitaja kazi hiyo kama ilivyo, msomaji ataelewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba huo ni ujuzi unaostahili kulipwa, na kwamba "ajira" unayoiahidi si maneno ya jukwaani, kwa sababu ajira ya kuunguza mikono bila glavu na bila ujira wa maana haimwondolei mtu umaskini. Hapo utakuwa na hasira yenye shabaha.

Halafu kuna suala la mahali pa kumweka mpinzani. Wengi hufundishwa kumweka karibu na mwisho, kabla ya hitimisho. Kwa mada hii mimi ningemtanguliza mkulima, katika aya ya pili kabisa, kwa sababu wasiwasi wake msomaji wa huku anao tangu anaposoma kichwa cha insha. Ukimchelewesha hadi ukurasa wa nne, msomaji atakuwa anasoma huku akisubiri, na mtu anayesubiri hasikilizi vizuri.

---

Mwanachuo wa Shangani

Ninawashukuru sana, Mwalimu, Karani na dada yangu. Nimekaa na insha hii siku kadhaa, na kilichonishangaza ni kwamba nilipokubali kumwandikia mkulima, dai lenyewe lilibadilika. Sikuweza tena kumwambia mtu ninayemfahamu kwamba mnunuzi anayempa bei nzuri afukuzwe. Hivyo insha haidai tena marufuku. Inadai kwamba viwanda vya huku vipatiwe mikopo ya msimu yenye riba nafuu, ili viingie mnadani na kushindana na wa nje. Swali la mzee kuhusu viwanda vya miaka ya 1970 nimelitengea aya yake, ninapoeleza kwamba vile vilikosa korosho, wakati vya sasa vinakosa fedha za kuzinunua, na kwamba maradhi mawili tofauti hayatibiwi kwa dawa moja.

Aya ya pili sasa inasomeka hivi:

> "Kilo moja ya korosho safi hutokana na kilo nne hadi tano za korosho ghafi. Kwa bei ya shilingi 3,300 iliyotangazwa na Serikali mwaka 2018, kiwanda kingetumia kati ya shilingi 13,200 na 16,500 kwa malighafi peke yake. Kwa hiyo tofauti ya bei inayoonekana dukani si faida tupu. Sehemu yake kubwa ni ujira wa wanaokausha, wanaobangua, wanaomenya na wanaochambua, kazi ambayo huunguza viganja vya asiye na glavu na kumwadhibu kwa bei ndogo kila punje inapovunjika. Ninachodai ni kwamba ujira huo ulipwe Mtwara na Lindi, tena kwa kiwango kinachoendana na ugumu wa kazi. Mkulima anayehofia kwamba kiwanda cha jirani kitampunja asilazimishwe kukiuzia. Kiwanda ndicho kiwezeshwe kumlipa anachostahili katika mnada ule ule."

Ushauri mmoja sikuufuata. Dada alipendekeza mkulima atangulie, nami nilijaribu, lakini insha ilianza kwa kujitetea kabla haijasema inachotaka. Kwa hiyo nimeanza na hesabu na mbanguaji, na mkulima anaingia mwishoni mwa aya hii, kisha anapewa aya nzima inayofuata.

Sasa ninahangaika na tafakuri. Nimeandika kwamba niliondoa maneno ya jumla, niliongeza takwimu, nilizingatia mpinzani, na kwamba nimejifunza umuhimu wa kufanya marekebisho. Ninaisoma na kuona kwamba angeweza kuiandika mwanafunzi yeyote kuhusu insha yoyote.

---

Dada wa Masasi

Mpangilio wako nimeukubali. Kujitetea kabla ya kudai ni kasoro kubwa kuliko ile niliyokuwa ninaikwepa.

---

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Umeshajua kasoro ya tafakuri yako, na dawa yake umeiandika mwenyewe hapo juu bila kukusudia. Ile sentensi ya kwamba hukuweza kumwambia mtu unayemfahamu kwamba mnunuzi wake afukuzwe ina uzito kuliko orodha yote uliyoitaja, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo fikra ilipinda. Anzia hapo. Weka dai la zamani na dai jipya, moja chini ya jingine, na umweleze mkufunzi ni kitu gani kilichokutoa kwenye lile la kwanza. Kisha chukua sentensi moja tu, ile ya "kilo hiyo hiyo", uonyeshe ilivyokuwa na ilivyo sasa, na useme kwamba hesabu yake ulielezwa na mtu wa mizani. Kumtaja aliyekufumbua macho hakukupunguzii alama. Halafu eleza jaribio la kumtanguliza mkulima na sababu ya kuliacha, kwa kuwa lililojaribiwa likakataliwa nalo ni sehemu ya marekebisho, na wanafunzi wengi hulificha wakidhani ni muda uliopotea. Na kuhusu swali lako la mwanzo: ulikuja hapa ukiamini kwamba mpinzani hayupo. Usimwandikie mkufunzi kwamba alikuwa sahihi. Mwonyeshe ulimkuta wapi huyo mpinzani, naye atayaona mengine. Neno "nimejifunza" liondoe kabisa uone kama kuna kinachopungua.

Sasa nirudi kwenye aya yenyewe, kwa maana imekuwa nzuri kiasi cha kustahili kukosolewa. Umeandika kwamba "sehemu yake kubwa" ni ujira. Karani alikupa bei ya malighafi, lakini ujira hakuna aliyekutajia, wala gharama za kiwanda, wala faida ya mwenye duka. Umeyafukuza yale maneno "yote" mlangoni, nalo "kubwa" limeingia kupitia dirishani. Andika "sehemu yake ni ujira", basi, na dai lako halitapungua nguvu. Ukitaka kubaki na "kubwa", nenda kwenye kikundi cha kubangua kilicho karibu nawe ukaulize wanalipwa kiasi gani kwa kilo, na uiandike hesabu hiyo mbele ya msomaji.

Na hiyo shilingi 3,300 ya mwaka 2018 ifikirie vizuri. Kwa msomaji wa Dodoma ni tarakimu tu, lakini kwa msomaji wa huku ni msimu ambao wanunuzi walitaja bei wakulima wakaikataa, Serikali ikaamua kununua, na magari ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Kila mtu ana kumbukumbu yake ya msimu ule, na ukiutaja katikati ya hesabu, mkulima unayemwandikia ataiacha hesabu yako na kuanza kuukumbuka. Ama utumie bei ya mnada wa msimu uliopita, ambayo Karani anaweza kukupatia, ama uiache ile ile lakini umwambie msomaji, kwa kifungu kimoja, kwamba unaitumia kama mfano wa hesabu tu. Mimi ningechagua bei ya msimu uliopita.

---

Karani wa Ghala, Tandahimba

Bei za minada ninazo. Kesho nikitoka kazini nitaziweka hapa, ya juu na ya chini, pamoja na daraja la korosho, kwa sababu bei isiyotajiwa daraja nayo itakuletea maswali.